Matembezi ya Jumamosi katika Mji wa Daejeon

Na msichana wa Kidato cha Nne

Habari za nchi za mbali mara nyingi hutufikia kutoka kwa watu waliopita huko kwa siku chache, wakaona majumba marefu na magari mengi, wakarudi kutusimulia. Mimi nataka kuwaeleza habari za watu wawili waliokaa mahali pamoja karibu miaka miwili, wakautembelea mji wao kidogo kidogo, kila Jumamosi, kwa fedha chache. Nimeona yafaa niandike habari hii kama somo la Jiografia, kwa sababu ndivyo wao wenyewe walivyoitumia.

Watu hao ni kaka yangu na mkewe. Kaka ni mwalimu, na mwaka 2022 alipata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika mji wa Daejeon, Korea ya Kusini. Walikaa huko tangu Septemba 2022 hata Agosti 2024. Wifi yangu alifunga kibanda chake cha kushonea nguo hapa Singida mjini akamfuata mumewe. Mtoto wao, aliyekuwa na umri wa miaka 3, alibaki kwa bibi yake, yaani kwa mama yangu, kwa kuwa posho ya masomo ilitosha watu wawili kwa shida, na chumba chao kilikuwa kimoja. Waliporudi, wifi alinipa daftari aliloandika matembezi yao yote, nami niliomba ruhusa yake kabla ya kuandika haya.

Kwanza tuutazame mji wenyewe. Daejeon uko karibu na katikati ya Korea ya Kusini, na una watu zaidi ya 1,400,000. Jina lake maana yake ni Shamba Kubwa, na kweli, zamani palikuwa mashamba na vijumba vichache. Uliozaliwa hapo ni mji wa reli. Njia itokayo Seoul kwenda bandari ya Busan ilifunguliwa mwaka 1905, na njia ya pili, inayochepuka hapo hapo Daejeon kwenda kusini-magharibi, ilikamilika mwaka 1914. Msomaji wa Singida ataishangaa miaka hiyo, kwa maana Reli yetu ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na Manyoni na Itigi katika mkoa wetu ni watoto wa reli hiyo kama Daejeon ulivyo mtoto wa reli ya kwao. Tena reli zote mbili zilijengwa na wageni kwa faida yao wenyewe kwanza: huku Wajerumani, kule Wajapani. Vita vya Korea vilipoanza mwaka 1950, Daejeon ulipiganiwa mwezi wa Julai, na sehemu kubwa ya mji ikateketea. Kwa hiyo majumba anayoyaona mgeni leo karibu yote ni mageni kama yeye.

Sasa nieleze sababu ya matembezi. Kaka alitoka asubuhi akarudi saa nne usiku, Jumatatu hata Ijumaa. Wifi alibaki chumbani. Ruhusa yake ya kukaa nchini haikumpa haki ya kufanya kazi, lugha hakuijua hata neno moja, na dirisha lao lilitazama ukuta wa nyumba ya jirani. Ameandika katika daftari kwamba alikuwa akihesabu matofali ya ukuta ule. Baada ya wiki 5 alimwambia kaka, "Mwalimu, nirudishe kwa mwanangu." Kaka akajibu kwamba nauli hawana mpaka mwisho wa Desemba. "Tufanye hivi," akasema, "kila Jumamosi tutoke, mvua au jua. Desemba ikifika, ukisema bado unataka kurudi, nitakukatia tiketi wala sitakuuliza neno."

Wakaweka na masharti. Wasitumie zaidi ya won 20,000 kwa siku, nao wakati ule walihesabu won moja kuwa karibu shilingi mbili. Chakula wachukue kutoka nyumbani. Warudi siku ile ile. Na jioni waandike katika daftari mambo waliyoyaona kwa macho, siyo mambo waliyoyasikia moyoni. Sharti hili la mwisho wifi alilivunja mara nyingi, nami nashukuru kwamba alilivunja. Kisha kila Jumapili, saa nane mchana kwetu, ambayo kwao ilikuwa saa mbili ya usiku kwa kuwa Korea imetutangulia kwa saa 6, walimpigia mtoto simu na kumsimulia walikokwenda.

Matembezi ya kwanza yalikuwa tarehe 22 Oktoba 2022, katika bustani ya miti iitwayo Hanbat, ambayo mtu huingia bila kiingilio. Majani ya miti yalikuwa yamegeuka mekundu na manjano, na wifi alidhani miti ina ugonjwa. Kaka akamweleza, nami nawaeleza ninyi. Rangi ya kijani ya jani hutokana na kitu kinachoitwa klorofili. Siku zinapofupika na baridi kuanza, mti huacha kutengeneza klorofili, ile iliyopo huvunjika, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichwa ndani ya jani huonekana. Rangi nyekundu hutengenezwa wakati ule ule. Mwisho jani huanguka. Miti ya miombo katika pori letu la Itigi nayo hupukutisha majani, lakini yetu hukimbia ukame, na ya kule hukimbia baridi. Mti una akili ya kubana matumizi kila mahali.

Jumamosi ya pili walishughulika na herufi. Mji una njia moja ya gari la umeme lipitalo chini ya ardhi, lenye stesheni 22, iliyofunguliwa mwaka 2006. Wakati ule abiria asiye na kadi alinunua kitu cha duara cha plastiki mfano wa kifungo kikubwa cha koti, akakigusisha kwenye mlango, akapita. Wifi alikuwa na daftari mapajani, na katika kila stesheni alinakili jina lililoandikwa ukutani kwa Kikorea, na chini yake jina lile lile kwa herufi zetu. Walipofika mwisho wa njia alikuwa tayari anajua herufi 9.

Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu mwandiko huo ni ajabu. Zamani Wakorea waliandika kwa alama za Kichina, ambazo ni maelfu, na mkulima hakuwa na nafasi ya kuzijifunza. Mwaka 1443 Mfalme Sejong alitengeneza herufi mpya kwa ajili ya watu wake, na mwaka 1446 zikatangazwa. Siku hizi zinatumika herufi 24: konsonanti 14 na vokali 10. Baadhi ya konsonanti zimechorwa kufuata umbo la kinywa kinapozitamka, mathalani herufi ya sauti ya N ni picha ya ulimi uliogusa nyuma ya meno. Herufi hupangwa katika mafungu, na kila fungu ni silabi moja, kama sisi tulivyofundishwa ba, be, bi, bo, bu. Wifi, ambaye aliishia darasa la saba, alizijua zote kwa muda wa wiki 2. Kusoma si kuelewa, lakini tangu siku ile aliweza kutamka jina la basi, na asiyeweza kutamka jina la basi hana budi kukaa nyumbani.

Ameandika pia kwamba katika gari lile viti vya pembeni yao vilibaki vitupu hata watu walipokuwa wamesimama. Mtoto mmoja aliwanyooshea kidole, mama yake akamshika mkono akautelemsha. Kaka alisema labda wanaona haya. Wifi hakukubali, na katika daftari ameandika neno moja tu: "Hapana." Naona wote wawili walikuwa na haki. Walakini ipo habari nyingine ya kuweka kwenye mizani. Jumamosi ya tarehe 19 Novemba 2022 walikwenda kwenye mnada wa Yuseong. Mnada huo huwapo kila siku ya 5, katika tarehe ziishiazo na 4 na 9, na wauzaji hutandika bidhaa zao chini kama kwetu: vitunguu, pilipili, ufuta, samaki wakavu, hata kuku hai. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu aliwauliza, "Ethiopia?" Kaka akajibu, "Tanzania." Mzee akasimama, akawapigia saluti kama askari, akawapa viazi 4 bila kupokea fedha. Kaka alijua sababu. Ethiopia ilipeleka askari wake kupigana upande wa Korea ya Kusini tangu mwaka 1951, na wazee wa kule hawajasahau. Viazi vya Waethiopia vililiwa na Watanzania, lakini nadhani hawatatudai.

Katika mnada huo wifi aliona mtama. Aliupita kwanza, kisha akarudi. Mtama mwekundu, katika kifuko kidogo, na kando yake unga wake. Wakorea huchanganya mtama na nafaka nyingine katika wali, na mtoto anapotimiza mwaka mmoja humpikia vitumbua vya unga wa mtama na kunde nyekundu ili kumkinga na mabaya. Unga ulikuwa ghali, ukamaliza karibu fedha zote za siku ile. Jioni akasonga ugali. Mtama wa kule hunata, hivyo mwiko ulishikwa kama umetiwa gundi, na kaka alipouinua sufuria nayo ikainuka. Waliula wote. Jumapili mtoto aliambiwa kwamba huko Korea wanakula mtama kama Bibi, naye akauliza, "Bibi yao ni nani?"

Desemba ikafika. Kaka akatimiza ahadi, akauliza habari ya tiketi. Wifi akasema, "Ngoja kwanza nikauone mlima wa kuku."

Msomaji atacheka, lakini kitu hicho kipo. Mashariki ya mji uko mlima uitwao Gyejoksan, maana yake Mlima wa Mguu wa Kuku, kwa kuwa migongo yake imetawanyika kama vidole vya kuku. Urefu wake ni meta zipatazo 420. Na upande wa magharibi uko mkubwa zaidi, Gyeryongsan, meta zaidi ya 840, ambao jina lake limeunganisha kuku na joka, kwa sababu mstari wa vilele vyake huonekana kama joka lililovaa upanga wa jogoo. Mtu wa Singida, ambaye kuku wake husafirishwa hadi Dar es Salaam, aone milima miwili ya kuku katika mji mmoja, kisha arudi nyumbani bila kuipanda! Lakini baridi ilikuwa imekwisha kuingia, na milima ilibidi ingoje.

Majira ya baridi yameandikwa kwa kifupi katika daftari, nami nitayapita upesi. Theluji ilianguka. Wifi aliiweka katika kikombe ili aone itakuwa maji kiasi gani, akapata kidogo mno kuliko alivyotazamia. Sakafu ya chumba ilipashwa moto kwa mabomba ya maji yaliyopita chini yake. Wakorea tangu kale hupasha nyumba kwa sakafuni, zamani kwa moshi wa jikoni uliopitishwa chini ya mawe. Jumamosi nyingi za miezi ile walikwenda Yuseong, mahali penye chemchemi za maji ya moto, ambapo kando ya njia pana birika refu la bure la kutia miguu. Watu huvua soksi, hukaa kwa mstari, wazee na vijana, miguu ndani ya maji na theluji kichwani. Yapo na mabafu ya kuoga mwili mzima, lakini humo watu huoga uchi pamoja, wanawake kwao na wanaume kwao. Wifi alifika mlangoni, akachungulia, akarudi kwenye birika la miguu.

Birikani ndipo alipopata rafiki, mama mmoja mtu mzima. Swali la kwanza alilomwuliza lilikuwa umri wake. Kwetu mgeni angeona ni ukosefu wa adabu, lakini kule ndiyo adabu yenyewe, kwa maana lugha yao hubadilika kwa kufuata nani mkubwa na nani mdogo. Sisi tuna shikamoo na marahaba. Wao huitia shikamoo ndani ya vitenzi vyenyewe. Kuhesabu umri nako kulikuwa tofauti: kwa desturi yao mtoto alizaliwa akiwa na mwaka 1, na siku ya Mwaka Mpya kila mtu aliongeza mwaka. Tarehe 28 Juni 2023 sheria ilianza kutumika ya kuhesabu kama mataifa mengine, na mama yule akampigia wifi simu kumwambia kwa furaha kwamba serikali imempunguzia umri.

Mwezi wa Mei 2023 waliupanda Mguu wa Kuku. Katika mlima huo imetengenezwa njia ya udongo mwekundu yenye urefu wa kilometa 14.5, kwa ajili ya watu kutembea peku. Huanza kutengenezwa kwake ilikuwa mwaka 2006. Watu wenye motokaa nzuri huziacha chini, huvua viatu vyao, huvishika mkononi, hukanyaga matope kwa furaha, na mwisho wa njia yako mabomba ya kunawia miguu. Wanasema ni dawa ya usingizi. Wifi alicheka hata akaketi. Mama yake alitembea peku kutoka kijijini hadi mnadani miaka mingi ili watoto wapate viatu, na hapa watu wanavua viatu ili wapate usingizi. Kisha naye akavua. Ameandika: "Udongo wa hapa ni baridi, wetu una mchanga. Lakini rangi ni moja." Juu kabisa kuna boma la mawe la kale, na kutoka hapo waliliona ziwa la Daecheong.

Ziwa hilo si la asili. Ni maji ya bwawa lililokamilika mwaka 1980, linalonywesha Daejeon na miji ya jirani, na chini yake vimelala vijiji ambavyo watu wake walihamishwa. Walipolitembelea, kaka alimwonyesha wifi barabara ya zamani iliyoteremka ikaingia majini. Wifi hakupenda kukaa pale. Alisema yeye anajua mtu aliyehamishwa anavyokaa.

Gyeryongsan waliupanda Oktoba 2023, kupitia hekalu la Kibudha liitwalo Donghaksa. Chini ya mlima huo, mwaka 1393, mfalme wa kwanza wa Joseon alianza kujenga makao makuu yake, kisha kazi ikasimamishwa na makao yakawekwa Seoul. Miaka mia sita na zaidi baadaye Wakorea wamejenga mji mpya wa Sejong, karibu na Daejeon, na kuhamishia wizara nyingi huko tangu mwaka 2012. Sisi tulioamua mwaka 1973 kuhamia Dodoma tunaelewa kwamba jambo hili halina haraka.

Mara moja tu walivunja sharti la won 20,000, walipokwenda Seoul kwa gari la mwendo kasi, ambalo hutumia karibu saa moja kwa safari ya kilometa kama 160. Kurudi walipanda gari la polepole. Wifi amesifu zaidi la polepole, kwa kuwa katika lile la kasi vijiji havikai dirishani.

Mambo mengine nayaacha, ila mkate. Katikati ya Daejeon kuna duka la mikate la Sungsimdang, ambalo watu huja kutoka miji mingine kupanga foleni. Mwenye kulianzisha alikuwa mkimbizi aliyetoroka kaskazini pamoja na jamaa yake wakati wa vita. Mwaka 1956 walikuwa safarini kwenda Seoul, gari moshi likaharibika Daejeon, nao wakashuka. Padre akawapa magunia 2 ya unga wa ngano, wakaanza kupika mikate ya mvuke mbele ya stesheni. Wifi alipenda kuisimulia habari hii kuliko zote, na mtoto alipenda kuisikia, akiuliza kila mara gari liliharibika nini.

Walirudi Agosti 2024. Tangu tarehe 1 ya mwezi huo gari la umeme la reli yetu mpya lilikuwa limezinduliwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na vichwa vyake vilitengenezwa Korea ya Kusini. Kaka alizunguka kichwa kile stesheni akisoma maandishi hata askari akamwuliza anatafuta nini. Kutoka Dodoma walichukua basi.

Nilikuwa nyumbani siku hiyo. Mtoto, sasa wa miaka 5, alijificha nyuma ya Bibi. Wifi akapiga magoti uani akanyoosha mikono, akamwita kwa jina. Mtoto akamtazama sana, kisha akasema, "Mama yuko kwenye simu." Akaingia ndani, akaileta simu, akampa Bibi ampigie.

Hakuna aliyemlazimisha. Jumamosi iliyofuata wifi alinunua daftari jipya, akamwuliza mtoto kama angependa kwenda kuona kitu. Tulikwenda sote hadi ziwa Kindai. Heroe walikuwapo ng'ambo, wamesimama kwa mguu mmoja. Mtoto alionja maji akatema, akauliza nani ametia chumvi. Kaka akamweleza kwamba mito huleta chumvi kidogo kidogo kutoka kwenye miamba, na kwa kuwa ziwa halina mlango wa kutokea, jua huchukua maji na kuiacha chumvi. Mtoto akasikiliza, kisha akauliza mlima wa kuku uko wapi. Wifi akasema uko mbali. Mtoto akatazama huku na huku, akachagua majabali mawili makubwa yaliyobebana juu ya kilima, akasema ni ule pale, na kwamba kesho kutwa tuupande.

Ukurasa wa kwanza wa daftari jipya ninao mbele yangu. Umeandikwa tarehe, na jina la ziwa, na idadi ya heroe alioweza kuhesabu mtoto, ambao ni 29, kwa kuwa hapo ndipo hesabu yake ilipokoma. Mahali pa nauli pameandikwa: "Hakuna. Tulikwenda kwa miguu, na kurudi alibebwa na mama yake."